Bergamoti: mafuta yanayokamuliwa bila moto

Kwaruza ganda la bergamoti kwa ukucha ukiwa karibu na dirisha, utaona ukungu mwembamba ukiruka. Vifuko vya mafuta vilivyojipanga chini ya ngozi ya ganda vimepasuka, na ukungu huo ndio mafuta yenyewe. Mkaratusi na mchaichai hukenekwa kwa mvuke, kwa hiyo kinachofika upande wa pili wa mtambo ni kile tu kilichokuwa chepesi kiasi cha kupanda na mvuke. Bergamoti hukamuliwa. Hutoka na kila kilichokuwemo gandani, vyepesi na vizito, vya kupendeza na vya kuogopwa. Ukilishika hilo, rangi ya kijani, mashapo chini ya chupa na ngozi inayobabuka juani vyote vitajieleza.

Kabla ya kuendelea, suala la jina. Mtandaoni mafuta ya aina hii huitwa "mafuta muhimu", tafsiri iliyokwenda kombo: neno la awali, "essential" la Kiingereza, lilihusu kiini cha mmea, wala halikuwa na habari ya umuhimu. Hapa ni mafuta ya harufu, basi.

Tunda lenyewe

Bergamoti ni mtoto wa danzi na limau. Uchunguzi wa vinasaba umelionyesha hilo, na kwa kuwa limau nalo lina danzi katika wazazi wake, damu ya danzi imeingia mara mbili. Ndiyo maana uchungu wake hauna mfano. Tunda ni la mviringo, mara nyingine lenye chuchu kidogo kama pea, lenye uzito wa kati ya gramu 80 na 200, kijani linapokuwa changa na manjano likiiva. Wengi huliunganisha jina lake na maneno ya Kituruki yenye maana ya "pea la bwana mkubwa". Kulila kama chungwa ni adhabu. Juisi yake ni kali na chungu kwa wakati mmoja.

Kuna mimea mingine miwili inayoitwa bergamoti ilhali siyo. Mmoja ni monarda, mmea wa jamii ya nanaa kutoka Marekani Kaskazini, uliopewa jina hilo kwa sababu majani yake yananukia kwa kukaribiana. Wa pili ni ndimu ya makrut yenye ganda la vinundu, ile ambayo majani yake hupikiwa vyakula vya Kitailandi. Nayo baadhi ya wauzaji huiita bergamoti. Kwenye chupa tafuta jina la kisayansi: Citrus bergamia, au Citrus aurantium bergamia. Likikosekana, rudisha chupa rafuni.

Sehemu kubwa kabisa ya mafuta ya bergamoti duniani hutoka mahali padogo mno: ukanda mwembamba wa pwani katika mkoa wa Reggio Calabria, kwenye ncha ya kusini ya Italia, kati ya bahari na milima ya Aspromonte. Milima huzuia upepo wa baridi, bahari hufanya majira ya baridi yawe ya upole, na mito iliyoshuka kutoka milimani imeacha udongo mzuri. Mti huu hauvumilii jalidi wala upepo mkali, na ukipandwa kwingine mara nyingi huzaa tunda lenye mafuta yenye harufu iliyopooza. Côte d'Ivoire ndiyo nchi nyingine inayojulikana kwa kilimo chake, lakini mnusaji mzoefu hutofautisha.

Inasimuliwa Reggio kwamba shamba la kwanza la bergamoti tupu lilipandwa mwaka 1750 na Nicola Parisi. Miche hubebeshwa juu ya shina la mdanzi. Aina zinazolimwa ni tatu: Femminello, yenye ganda laini na mafuta yenye harufu nyororo, Castagnaro, yenye mti mkubwa na ganda lenye makunyanzi, na Fantastico, ambayo leo imetawala mashamba kwa sababu huzaa kwa uhakika zaidi. Tangu mwaka 2001 mafuta ya Reggio Calabria yana ulinzi wa jina la asili katika Umoja wa Ulaya, unaoandikwa DOP kwenye lebo.

Sifongo, gurudumu, mashine

Kabla ya mashine, kazi ilikuwa ya mkono. Tunda lilikatwa nusu, nyama ikachokolewa kwa kisu chenye umbo la kijiko, na maganda yakalowekwa ili yalainike. Kisha mfanyakazi aliketi na bakuli la udongo liitwalo concolina katikati ya magoti. Juu ya bakuli kulikuwa na kijiti kilicholazwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na juu ya kijiti sifongo za baharini. Alilibana ganda kwenye sifongo, akaligeuza kidogo, akalibana tena. Vifuko vilipasuka, sifongo ikanywa mafuta pamoja na maji ya ganda, na ilipolowa ikakamuliwa bakulini. Mafuta yalielea juu, maji yakabaki chini, na bakuli lilikuwa na mdomo mdogo wa kumiminia. Mafuta yaliyopatikana yalihifadhiwa katika vyombo vya shaba vilivyopakwa bati ndani.

Mwaka 1844 Nicola Barillà wa Reggio alitengeneza kifaa kilichokuja kuitwa mashine ya Calabria. Matunda mazima yaliwekwa kati ya vikombe viwili vyenye meno mafupi, gurudumu likazungushwa kwa mkono, na ganda likakwaruzwa bila tunda kukatwa. Mashine za leo hufanya jambo lilelile kwa kasi: matunda hubingirika juu ya rola zenye uso wa msasa huku maji yakinyunyizwa, kisha mchanganyiko wa maji, mafuta na vumbi la ganda huchujwa na kuzungushwa kwa nguvu mpaka mafuta yajitenge. Kilo 200 hivi za matunda hutoa kilo 1 ya mafuta.

Maji hayo ndiyo adui aliyejificha. Kiungo kikuu cha harufu ya bergamoti, linalili asetati, huvunjwa na maji na asidi na kugeuka linaloli pamoja na asidi ya siki. Mafuta yaliyotengwa ovyo, yakabaki na maji ndani, huanza kunusa siki baada ya miezi kadhaa. Kuchemsha huharakisha uharibifu uleule, na ndiyo maana ganda la bergamoti likikenekwa kwa mvuke hutoa mafuta yaliyo mbali na tunda. Yapo yanayokenekwa, hasa kutokana na matunda yaliyodondoka na mabaki ya ukamuaji, nayo huuzwa kwa bei ya chini. Si haramu, mradi lebo iseme ukweli.

Mavuno huanza karibu Novemba na kuendelea hadi Februari au Machi. Mafuta ya mwanzo wa msimu ni ya kijani, kwa sababu ganda bado limejaa rangi ya majani, na yana linaloli nyingi. Harufu ni kali, mbichi, ya kuamsha. Kadiri tunda linavyoiva rangi huelekea manjano hadi hudhurungi na harufu hutulia. Hakuna yaliyo bora kuliko mengine kwa kila kazi. Kwa manukato mepesi ya mwili, ya mwanzo wa msimu yana uhai zaidi. Kwa chai na peremende, ya katikati ya msimu huwa laini zaidi.

Kunusa kwa karatasi

Tone likiwa chupani halikwambii mengi. Kata ukanda wa karatasi nyeupe isiyong'aa, chovya ncha, andika saa, kisha nusa mara nne.

Sekunde za kwanza ni za ganda: kali, kijani, zinakaribia limau lakini bila ule ukakasi wa kusafishia vyombo. Hiyo ni limonini, ambayo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 30 na 45 ya mafuta, pamoja na pineni na terpineni. Baada ya dakika kumi sehemu hiyo imekwisha kuruka, na hapo bergamoti hujitenga na ndugu zake wote. Linalili asetati, inayofikia asilimia 22 hadi 36, hujitokeza: ua, lavenda, utamu mkavu wa pea, kitu kinachokaribiana na majani ya chai yaliyomiminiwa maji sasa hivi. Chungwa hufika hapo halina cha kusema, kwa kuwa karibu lote ni limonini. Bergamoti ndiyo kwanza inaanza. Kwa saa nzima hivi ua hilo hubaki, likipungua polepole.

Kesho yake karatasi itakuwa karibu haina harufu, ila alama hafifu ya manjano yenye kunata kidogo. Hayo ndiyo mabaki mazito, nta, rangi na jamii ya furokumarini (kemikali zinazofanya ngozi ibabuke juani), ambayo katika mafuta halisi yaliyokamuliwa hufikia karibu asilimia 5. Alama hii ni kipimo cha bure. Mafuta yaliyokenekwa hayaachi kitu. Yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya kupikia huacha doa la grisi linaloifanya karatasi ipitishe mwanga, na doa hilo haliondoki hata baada ya siku tatu. Kipimo cha karatasi hakitakamata uchakachuaji wa kitaalamu, yaani limonini ya chungwa iliyochanganywa na linalili asetati ya kiwandani; huo hukamatwa maabara. Molekuli za linaloli na linalili asetati zina sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na tunda hutengeneza karibu mkono mmoja tu. Kiwanda hutengeneza yote miwili sawasawa. Mkono wa pili ukionekana kwa wingi, chupa imesema uongo.

Lilikotumika zamani

Manukato ndiyo yaliyoipa bergamoti umaarufu. Giovanni Paolo Feminis, Mwitalia aliyehamia Ujerumani, alikuwa akiuza maji ya ajabu yenye harufu za jamii ya malimau. Nyumba ya Johann Maria Farina ilianzishwa Cologne mwaka 1709, na maji yake yakachukua jina la mji. Bergamoti ndiyo uti wa mgongo wa harufu hiyo, kwa sababu huunganisha ukali wa limau na upole wa maua ya mdanzi bila kuonekana mshono.

Matumizi ninayoyaona ya werevu zaidi ni ya ganda lenyewe. Katika karne ya 18, huko Grasse nchini Ufaransa, ganda la nusu tunda lilikaushwa juu ya kalibu, likapambwa kwa rangi, na kugeuzwa kikopo cha kuwekea ugoro au vitu vidogo vya thamani. Kikopo kilijinukisha chenyewe kwa muda mrefu. Huko Nancy, pia Ufaransa, kuna peremende za mraba za rangi ya kaharabu zenye mafuta haya, na jina lao linalindwa kisheria. Uturuki ganda hupikwa jamu baada ya kubadilishiwa maji ya kuchemshia mara kadhaa ili uchungu upungue. Calabria kwenyewe watu waliyatumia mafuta kusafishia vidonda na waliyategemea kwa homa. Kama dawa ya homa tiba hiyo imebaki historia, ingawa uwezo wa mafuta haya kuzuia baadhi ya vijidudu kwenye sahani ya maabara ni wa kweli.

Chai ya Earl Grey, inayonukishwa kwa bergamoti, imebeba jina la Charles Grey, waziri mkuu wa Uingereza kuanzia 1830 hadi 1834. Hadithi ya ofisa wa China aliyempa siri ya mchanganyiko haina mashiko. Kinachofanyika kiwandani ni kunyunyiza mafuta juu ya majani makavu yanayozungushwa kwenye pipa. Kwa mkebe mmoja wa gramu 100 kuna njia salama na tulivu zaidi: dondosha matone 2 kwenye kipande cha karatasi ya kuchujia, kikunje ndani ya kingine ili mafuta yasiguse majani, fukia katikati ya chai na ufunge mkebe siku tatu. Majani ya chai hunyonya harufu kwa pupa. Onja, na kama haijatosha ongeza tone 1 kwa siku mbili zaidi. Kosa la kawaida ni kudondosha mafuta moja kwa moja kwenye buli: mafuta hayachanganyiki na maji, huelea, na mtu mmoja mezani hupata tone zima mdomoni, chungu na lenye kuunguza ulimi.

Na kiasi kina mwisho. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilieleza kisa cha mtu aliyekuwa akinywa hadi lita 4 za Earl Grey kwa siku, akapata mikakamao ya misuli iliyokoma alipobadilisha chai. Vikombe viwili vitatu havina neno.

Jua na ngozi

Hapa ndipo kukamua bila moto kunapodai malipo. Ndani ya yale mabaki mazito mna bergapteni, jamii ya furokumarini. Ni nzito mno kupanda na mvuke, kwa hiyo ganda lingekenekwa isingetoka. Sifongo na rola huitoa. Ikiwa kwenye ngozi, ikapigwa na miale ya jua ya UVA, hujifunga kwenye vinasaba vya seli na kuziua. Matokeo hayaji papo hapo, na hilo ndilo linalowapotosha watu: wekundu na malengelenge hutokea baada ya siku moja hadi tatu, kisha hubaki doa la kahawia kwa miezi, likifuata umbo ambalo manukato yalichuruzika shingoni. Tangu mwaka 1925 madaktari wameliita kwa jina linalotokana na kidani cha mkufu, kwa jinsi linavyoning'inia.

Kikomo cha IFRA, chama cha kimataifa cha watengeneza manukato, ni asilimia 0.4 ya mafuta yaliyokamuliwa katika kitu chochote kinachobaki kwenye ngozi inayoona jua. Pima kwa mizani. Katika gramu 50 za mafuta ya kujipaka, asilimia 0.4 ni gramu 0.2. Tone la kawaida lina takriban gramu 0.03, kwa hiyo matone 6 ni gramu 0.18 na la 7 limekuvusha mpaka. Vitonesho hutofautiana, dondosha matone 20 juu ya mizani, gawanya, ujue chako.

Ndugu zake nao wana vikomo vyao: ndimu iliyokamuliwa asilimia 0.7, danzi 1.25, limau 2, balungi 4. Chungwa tamu halina tatizo hili. Ukichanganya, hesabu hujumlishwa. Bergamoti kwa asilimia 0.2 imetumia nusu ya posho. Ndimu kwa 0.35 imetumia nusu nyingine. Limau halina nafasi tena, hata tone. Watu wengi hukosea hapa kwa kuhesabu kila mafuta peke yake.

Sabuni na vitu vya kuoshwa mara moja viko nje ya kikomo hiki. Maji ya kuoga hayana usalama wa namna hiyo kwa vitendo: mafuta yasiyochanganywa na kitu cha kuyeyushia huelea na kugandama mwilini yakiwa mazima. Mtu aliyezidisha, au aliyemwagikiwa, aoshe kwa sabuni na afunike ngozi hiyo angalau saa 12.

Njia ya kukwepa yote ni mafuta yaliyoondolewa furokumarini, yanayoandikwa FCF. Huondolewa kwa kukenekwa chini ya ombwe au kwa kutibiwa na alkali. Harufu hupoteza kidogo ule uzito wa chini, kwa kipimo changu kama kiatu kilichotolewa soli: kinatembea, ila unasikia ardhi. Kwa ngozi ninakubali hasara hiyo kila mara. Kwa kifukizo cha chumbani hakuna sababu ya kuikubali.

Chukua maji ya manukato ya mtindo wa Cologne, mililita 100. Mafuta kwa jumla ni mililita 4: bergamoti FCF 1.6, limau 0.8, chungwa tamu 0.6, neroli (ya maua ya mdanzi) 0.4, petitgrain (ya majani ya mdanzi) 0.3, lavenda 0.2, rosmari 0.1. Ungetumia bergamoti iliyokamuliwa, asilimia 1.6 ingekuwa mara nne ya kikomo. Ndiyo maana mapishi ya vitabu vya zamani hayafai kunakiliwa kama yalivyo. Yeyusha mafuta katika mililita 80 za alkoholi ya asilimia 96 iliyotengenezwa kwa vipodozi, kamwe isiwe spiriti ya viwandani, ambayo huenda ina methanoli. Funga, acha wiki mbili gizani. Kisha ongeza mililita 16 za maji yaliyokenekwa, tone kwa tone ukikoroga. Yakianza kuwa meupe kama maziwa, limonini imekataa maji: acha kuongeza, weka chupa kwenye jokofu siku mbili, chuja kwa karatasi ikiwa bado baridi. Sehemu ya harufu kali ya ganda hubaki kwenye karatasi, ua haliguswi. Weka mbali na moto wakati wote wa kazi. Alkoholi hiyo huwaka kwa cheche.

Kuhifadhi

Limonini na linaloli zikikutana na hewa huzaa peroksidi, na hizo ndizo zinazoleta mzio wa ngozi, zaidi ya mafuta mabichi yenyewe. Chupa iliyojaa nusu ina hewa nusu. Hamishia mafuta kwenye chupa ndogo ya kioo cha rangi ya kahawia kila yanapopungua, jaza hadi shingoni, andika tarehe ya kufungua, weka kwenye jokofu. Mwaka mmoja baada ya kufunguliwa yaondoe kwenye orodha ya vitu vya ngozi na uyatumie kunukishia kabati. Usiache kitonesho cha mpira juu ya chupa: mvuke wa limonini hulainisha mpira mpaka ukavimba na kunata, na harufu ya mpira huingia ndani. Baadhi ya plastiki nazo huyeyuka, hasa zile ngumu zinazong'aa kama za vikombe vya kutupwa.

Jokofuni chini ya chupa patatokea unga mweupe au utando wa manjano. Ni nta na bergapteni vikijitenga kwa baridi, dalili kwamba yalikamuliwa kweli. Usiyatikise: mimina ya juu taratibu na uache mashapo. Kuondoa mashapo hakuyafanyi kuwa FCF, kwani bergapteni nyingi bado imeyeyuka ndani ya mafuta yanayoonekana safi, na kikomo cha asilimia 0.4 kinabaki palepale.